Programu Huru na Njia Yake hadi Karatu

Msafiri atokaye Arusha kuelekea magharibi, akaiacha njia kuu ya Dodoma pale Makuyuni, akapita Mto wa Mbu na kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi akatokeza katika nyanda za udongo mwekundu zilizolimwa ngano, mahindi na kahawa, huwa amefika Karatu, mji ambao wageni wengi huuona kwa dirisha la gari tu, kwa sababu shauku yao yote iko mbele, katika lango la Lodoare na kreta ya Ngorongoro. Wachache miongoni mwao husimama. Mmoja aliyesimama, mwanamke wa Marekani aitwaye Janice Lathen, alifika katika Shule ya Sekondari Banjika wilayani humo mwaka 2006, na kutokana na ziara ile ikazaliwa taasisi ya Powering Potential, ambayo ilishika kazi ya kuzipelekea shule za sekondari za Karatu, na baadaye za kwingineko nchini, umeme wa jua na kompyuta. Habari ya hiba za wageni si mpya katika nchi hii, wala isingalistahili taarikhi ndefu, lau si programu zilizokuja kutiwa ndani ya kompyuta hizo. Zilikuwa ni programu huru: yaani mwenye kuzipokea ana haki ya kuzitumia kwa shabaha yoyote, haki ya kuufungua msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya mtunzi yanayoiamuru kompyuta, na kuusoma, haki ya kuubadili, na haki ya kumgawia jirani nakala, iwe ile aliyoipokea au ile aliyoirekebisha, bila ya kubisha mlango wa mtu kuomba idhini.

Haki hizo nne zina nasaba yake. Zilipatikana kwa kalamu, kwa mikataba, na mara nyingine kwa maneno makali baina ya watu waliokuwa, kwa dhahiri, wa upande mmoja. Na kwa kuwa ikhtilafu zao zimeingia katika madarasa na zahanati zetu bila ya sisi kuulizwa, ni wajibu wetu kuzijua.

Nchi yetu ilikutana na kompyuta mapema kuliko vijana wengi wanavyodhani. Ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mashine zilizofuata, ambazo zilikusudiwa kuiondolea Hazina adha ya mahesabu, ziliizidishia adha hiyo, maana wataalamu wa kuziendesha walikuwa aghalabu ni wageni, programu zake zilitungwa na wageni, na hesabu zilipopotoka wenyeji walioweza kulitafuta kosa ndani ya mashine walikuwa wachache mno. Mwaka 1974 serikali, ambayo pia ilikuwa katika dhiki ya fedha za kigeni, ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo haikuondolewa kabisa mpaka miaka ya 1990. Wako waichekao hukumu ile. Mimi siicheki, kwani naona kwamba serikali iliutambua ugonjwa barabara, nao ulikuwa ni kutawaliwa na chombo usichoweza kukihoji, ingawa dawa iliyochaguliwa, ya kukifungia chombo chenyewe nje ya mlango, iliwanyima vijana, kwa takriban miaka 20, nafasi ya kukizoea.

Wakati huo huo, ng'ambo ya Atlantiki, ugonjwa ule ule ulikuwa ukiwapata watu waliozitengeneza mashine zenyewe. Katika zama za mwanzo programu zilifuatana na kompyuta kama ufunguo unavyofuatana na kufuli, na wataalamu wa vyuo vikuu walipeana misimbo yao bila ya kuandikiana hati; lakini mwaka 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba itaanza kuuza programu kando na mashine, na tangu hapo programu ikawa bidhaa yenye bei na mlinzi wake. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta ndogo akiwalaumu kwa kunakiliana programu yake ya BASIC bila ya malipo, akauliza ni nani atakayefanya kazi ya kitaalamu bure. Lilikuwa swali halali, na mtu anayelipuuza hawezi kuufahamu ugomvi uliofuata, kwani Gates hakuwa na husuda na mtu: alidai ujira wa kazi yake, kama seremala adaivyo.

Jawabu lilitoka katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, na lilitokana na karatasi iliyokwama. Takriban mwaka 1980 maabara ile ilipewa na kampuni ya Xerox printa mpya ya leza, ambayo ilikuwa ya kasi na ya fahari lakini ilikwama mara kwa mara. Richard Stallman, mtunzi wa programu mahali pale, alikuwa ameirekebisha printa ya kale ili iwajulishe watu kila inapokwama, akataka kuitendea mpya vivyo hivyo, akakuta imekuja bila ya msimbo chanzo. Na alipomwendea mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, aliambiwa kwamba mtaalamu huyo ameahidi kutompa mtu yeyote. Mwingine angalikasirika siku moja akasahau. Stallman aliona kwamba mtu yule, kwa ahadi yake kwa kampuni, amewanyima msaada wenzake wote wa dunia, pamoja na wale ambao hajakutana nao, na akaazimia kwamba yeye mwenyewe hatatia saini ahadi ya namna hiyo. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kuwa atajenga mfumo endeshi kamili, aliouita GNU, ambao kila mtu atakuwa na haki nao. Januari 1984 aliiacha ajira yake ili chuo kisije kudai milki ya kazi yake. Na mwaka 1985 akaandika ilani na kuanzisha wakfu wa Free Software Foundation.

Kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haikuwa programu bali ni leseni. Mwaka 1989 ilitoka GPL, ambayo kwa hila ya kisheria ya ajabu iliitumia hakimiliki, silaha ya wenye kufunga, kuwa ni silaha ya kuweka wazi: chukua, tumia, badili, uza ukitaka, lakini ukimpa mtu mwingine programu hii, mpe pamoja na msimbo wake na haki zile zile ulizopewa wewe. Mtu wa Pwani hahitaji maelezo marefu kulifahamu jambo hili. Aliyelitoa shamba lake la minazi sadaka, amelitoa, na aliyelipokea aweza kuliuza kesho kwa mwenye kulizungushia ukuta. Bali aliyeliweka wakfu ameliondoa mikononi mwa wauzaji na wanunuzi, na watu watakula nazi zake kizazi baada ya kizazi, wala hapana atakayelirithi peke yake. Leseni za Chuo Kikuu cha California, Berkeley, zilizokuwa maarufu wakati ule ule, zilikuwa ni sadaka: kampuni yoyote ilikuwa na ruhusa ya kuuchukua msimbo, kuuongeza na kuufunga. GPL ilikuwa ni wakfu. Wafuasi wa Berkeley walisema kwamba uhuru wenye masharti si uhuru, na wafuasi wa Stallman walijibu kwamba uhuru usiolindwa huliwa na mwenye nguvu, na mjadala huo haujaisha hadi leo.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alikitangaza kiini cha mfumo endeshi alichokiunda kwa furaha yake, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL. GNU ilikuwa na karibu kila kitu isipokuwa kiini kilichokamilika, na kiini cha Torvalds hakikuwa na kitu isipokuwa chenyewe, basi viwili hivyo vikaungana. Lakini jina likamwendea mmoja, na Stallman amesumbuka miaka mingi kuwataka watu waseme GNU/Linux. Wengi wameona kuwa ni ubishi wa mtu mwenye kijicho. Sikubaliani nao, kwa sababu alichokililia ni kwamba jina la mhandisi litakapobaki peke yake, falsafa itasahauliwa, na ndivyo ilivyotokea.

Ilitokea rasmi mwaka 1998. Januari mwaka huo kampuni ya Netscape ilitangaza kuwa itautoa hadharani msimbo wa kivinjari chake, na mwanzoni mwa Februari kikundi kidogo kilikutana Palo Alto, California, kutafakari namna ya kuitumia nafasi hiyo. Eric Raymond, aliyekuwa ameandika insha akisifu kazi ya watu wengi waliotawanyika kama wauzaji wa sokoni, aliona kwamba maneno ya uhuru na haki yanawatisha wenye mitaji. Na Christine Peterson akatoa istilahi ya chanzo wazi, ambayo ilisema habari ya ufundi na kunyamaza kuhusu maadili. Raymond na Bruce Perens wakaunda taasisi ya kuitetea. Hoja yao ilikuwa nyepesi na yenye nguvu: programu ikitazamwa na macho mengi itakuwa na kasoro chache, kwa hiyo mwenye biashara aifungue kwa faida yake mwenyewe. Stallman alikataa katakata, akisema kuwa programu iliyofungwa ni dhuluma hata ikiwa haina kasoro hata moja. Na Perens mwenyewe, mwaka mmoja tu baadaye, alijitenga na taasisi aliyoianzisha, akiandika kwamba wakati umefika wa kusema tena habari ya uhuru. Msimbo uliotetewa na pande zote mbili ulikuwa ni ule ule, na leseni zilikuwa karibu ni zile zile. Waligombana juu ya sababu, na watu wa vitendo hudharau ugomvi wa sababu mpaka siku sababu inapoamua tendo.

Afrika iliupokea ugomvi huo ukiwa umekwisha komaa. Wazo la kuunda chama cha bara zima cha programu huru na cha chanzo wazi lilitungwa Addis Ababa mwaka 2002, na chama chenyewe, FOSSFA, kikatangazwa Geneva Februari 2003, kikiyabeba majina ya kambi zote mbili katika jina lake moja, kwa busara ambayo wakubwa wa Marekani hawakuwa nayo. Kule Namibia, mtandao wa shule uitwao SchoolNet ulipewa na Microsoft ahadi ya programu za ofisi bila ya malipo, lakini mkurugenzi wake, Joris Komen, alipopiga hesabu aliona kwamba mfumo endeshi wa kuzibebea itabidi ununuliwe, na kwamba gharama ya kuipokea zawadi imeizidi zawadi. Akairudisha kwa shukrani zenye ukali na kuendelea na Linux. 

Hapa kwetu mlango ulifunguliwa kwa lugha. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu wa kampuni ndogo ya Uswidi iitwayo IT+46, ilianzisha mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 ukatoka mfuko wa programu za ofisi uitwao Jambo OpenOffice, ambao amri zake zote zilisomeka kwa Kiswahili. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, Microsoft nayo ilikuwa imetangaza nia ya kuzitia programu zake Kiswahili. Tofauti yake ilikuwa kwamba watu wa Dar es Salaam hawakungoja kampuni ione faida katika lugha yao: msimbo ulikuwa wazi, wakaingia wakatafsiri. Ni ushahidi bora kuliko wote niujuao, katika Afrika Mashariki, wa haki ya kubadili kutumiwa na wenyeji kwa haja yao wenyewe.

Hata hivyo Jambo OpenOffice haikuenea kama ilivyostahili, na sababu moja yapasa isemwe bila ya haya. Katika maduka ya kompyuta ya Arusha na Kariakoo, nakala ya Windows isiyo na leseni ilipatikana kwa bei ya diski tupu, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikwisha pitishwa. Mtu aliyeambiwa kwamba programu huru hazina bei alijibu kwa haki kwamba na hizi pia hazina. Hoja ya bei, ambayo watu wa chanzo wazi waliitegemea sana walipowahubiria maskini wa dunia, ilipoteza makali yake mbele ya meza ya muuza nakala. Iliyobaki na uzito ni hoja ya Stallman, kwamba nakala ya wizi humfunga mtu kama nakala ya kununuliwa, kwa kuwa zote mbili hazifunguki.

Turudi sasa Karatu, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu katika miaka ya 1990, yenye wakulima wa Kiiraqw juu ya miinuko na wavunaji wa vitunguu huko chini Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Mjini umeme ulikuwapo, lakini Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007 tu, na shule nyingi za kata zilijengwa mbali na nguzo. Kompyuta ya mezani ya kawaida pamoja na kioo chake cha kale hula wati 100 na zaidi. Kumi kati ya hizo zingedai paneli na betri za bei isiyowezekana. Hapo ndipo ulipofaa uvumbuzi wa Cambridge, Uingereza, uliotoka tarehe 29 Februari 2012: Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki, iliyouzwa wakati ule kwa dola 35 au pungufu, na iliyokula wati tatu hivi. Aliyeibuni, Eben Upton, na wenzake walikuwa na huzuni kwamba vijana wa Kiingereza wanaofika chuo kikuu hawajui tena kutunga programu. Hawakuikusudia Banjika, lakini kipimo cha umeme kiliifaa Banjika kuliko walivyodhani. Powering Potential, kwa msaada wa wakfu wa Raspberry Pi wenyewe, iliziingiza kompyuta hizo katika shule zake, zikiendeshwa kwa jua na zikibeba mfumo wa Raspbian, ambao ni tawi la Debian, ambayo ni mti wa GNU na Linux.

Pamoja nazo ilikuja hazina iitwayo RACHEL, iliyokusanywa na shirika la World Possible: makala za Wikipedia, vitabu vilivyotoka katika hakimiliki, masomo ya hisabati na sayansi, vyote vikikaa katika seva moja ndogo ambayo wanafunzi huisoma kwa mtandao wa ndani, bila ya kuhitaji intaneti hata dakika moja. Watu wa mjini, ambao intaneti wanayo mkononi, hawaoni kwa nini leseni ya makala ya Wikipedia ni jambo kubwa. Mwalimu wa shule ya mbali huliona mara moja, maana lau makala zile zisingalikuwa na ruhusa ya kunakiliwa kwa wingi, kuchujwa na kupangwa upya, hazina ile isingalikuwapo kihalali. Ni kweli kwamba wasafi wa madhehebu watapata la kunung'unikia hata humo, kwa kuwa baadhi ya masomo, kama yale ya Khan Academy, hukataza matumizi ya biashara, na kwa sababu hiyo hayahesabiwi kuwa huru kamili. Walimu hawakuyaondoa, nami nisingeyaondoa.

Lakini ikhtilafu kubwa ilikuwa ndani ya kompyuta yenyewe. Kitovu cha Raspberry Pi ni chipu ya kampuni ya Broadcom, na chipu hiyo ikiwashwa haiuamshi kwanza mfumo endeshi ulio huru. Huamka kwa faili iliyofungwa, ambayo msimbo wake kampuni haikuutoa, na mpaka faili hiyo imekwisha fanya kazi yake, Linux haina ruhusa hata ya kusema jambo. Free Software Foundation iliitaja kompyuta hiyo miongoni mwa zile isizozipendekeza. Oktoba 2012 wenye Raspberry Pi walitangaza kwa shangwe kuwa msimbo wa michoro sasa uko wazi, na mara wakajibiwa na watunzi wa Linux kwamba kilichofunguliwa ni ganda jembamba linalopeleka salamu kwa faili ile ile ya siri. Februari 2014 Broadcom ilitoa maelezo zaidi na msimbo wa kweli wa sehemu ya michoro, lakini faili ya kuamshia ikabaki imefungwa.

Je, Stallman angaliulizwa, angalisema shule za Karatu zisipewe kompyuta hizo? Falsafa yake ikifuatwa hadi mwisho, jibu si tamu: asingewakataza watoto, bali angalisema kwamba kinachowafaa leo kisisifiwe kuwa ni uhuru. Mtu wa kambi ya pili, ya chanzo wazi, angaliona kuwa swali lenyewe ni la anasa, kwani mwanafunzi asiyepata kuigusa kompyuta hana msimbo wa kuunyimwa. Kwa miaka mingi niliona kuwa huyu wa pili ana haki, na bado naona hivyo kwa habari ya siku ya kwanza. Walakini historia ya siku zinazofuata iko upande wa mkaidi, kwa sababu kila kilichofunguliwa na Broadcom kilifunguliwa baada ya wakaidi kulalamika, wala si baada ya walioridhika kushukuru. Watunzi wa Debian nao walikuwa na mzozo wa jinsi hiyo: kwa miaka walizifungia nje ya diski yao ya kusimika faili za siri zinazodaiwa na kadi za mtandao, watumiaji wakakwama, na mwaka 2022 wakapiga kura, wakaziruhusu. Waliweka sharti la kumjulisha mtumiaji ni zipi zilizowekwa. Nadhani hiyo ndiyo hukumu ya wastani iliyo bora mpaka sasa.

Tukipita lango la Lodoare tukaingia Ngorongoro, ambako ardhi yenyewe tangu mwaka 1959 imekuwa chini ya sheria ya kuwaweka pamoja wafugaji na wanyama pori, na ambako kila mtu ana rai yake kuhusu haki ya nani ni ipi, tutaikuta programu huru mahali ambapo hapana paneli ya wageni wala picha ya sherehe: katika hesabu za zahanati. Mhudumu wa afya wa kijiji cha mbali huandika wagonjwa wake katika vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, kwa kalamu, hujumlisha mwisho wa mwezi, na karatasi ya majumlisho hupelekwa makao ya wilaya, Karatu kwa walioko huku, Loliondo kwa walioko kule, ambako huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya uitwao DHIS2. Mfumo huo una asili ya Afrika Kusini ya mwaka 1994, ambako watafiti walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo walikusudia kuipa kila wilaya uwezo wa kuzitumia takwimu zake yenyewe, badala ya kuzipeleka juu tu. Toleo la kwanza lilikuwa wazi, lakini lilijengwa juu ya Microsoft Access. Yaani nyumba ilikuwa huru na kiwanja ni cha kukodi. Ikhtilafu hiyo iliwakera waanzilishi hadi wakaandika toleo la pili upya, ili lisitegemee programu ya kampuni yoyote iliyofungwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliingia katika kazi hiyo, vijana wake wakajifunza kuurekebisha msimbo, na kufikia mwaka 2013 mfumo ulikwisha enezwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara.

Hapa nataka msomaji atue kidogo. Leseni ya DHIS2 ni ya jinsi ya Berkeley, ni sadaka wala si wakfu, na kwa mantiki ya Stallman ilipasa iwe imekwisha kumezwa na kampuni fulani. Haikumezwa. Ililindwa na watu, yaani chuo kikuu, wizara na mafundi wa nchi nyingi waliokuwa na haja nayo kila mwezi. Na kwa upande wa pili kuna simu iliyo katika shuka la morani anayeshuka na ng'ombe kutoka Nainokanoka, ambayo ikiwa ni ya Android ina ndani yake kiini cha Torvalds, kiini kilichowekwa chini ya GPL, wakfu kamili. Lakini watengenezaji wengi wamemfungia mwenye simu njia ya kukibadili. Toleo la tatu la GPL, lililotoka Juni 2007, liliandikwa kuiziba mianya ya namna hiyo, na Torvalds alikataa kulitumia kwa kiini chake, akisema kwamba yeye hudai msimbo urudishwe, si mashine ifunguliwe. Matokeo yake ni kwamba mamilioni ya watu wanabeba programu huru wasiyokuwa na uhuru nayo.

Kwa hiyo hukumu yangu, baada ya kuzipima kambi zote mbili, ni kwamba wa uhuru walishinda kwa hoja na wa manufaa walishinda kwa njia, na wote wawili walisahau msomaji wa msimbo. Stallman alijiona yeye mwenyewe mbele ya printa, mtu aliyekwisha kujua la kufanya, anayezuiliwa tu. Raymond aliona macho elfu yaliyokwisha kufunzwa. Hapana kati yao aliyeliwaza darasa ambalo msimbo uko wazi kabisa na hakuna aliyefundishwa kuusoma. Katika haki nne, shule na zahanati zetu zimezitumia vyema ile ya kutumia na ile ya kugawa. Ile ya kusoma na ile ya kubadili zimetumiwa na watu wa Kilinux na wa DHIS2, walio Dar es Salaam, na hazijapandishwa ukuta wa Bonde la Ufa kwa kadiri inavyostahili.

Nawe mwalimu wa Karatu au wa Loliondo, ambaye umepewa chumba chenye kompyuta hizo ndogo, tafadhali usiishie katika kufundisha kuandika barua na kupanga majedwali. Lugha za Python na Scratch hutiwa katika mfumo huo bila ya gharama. Zifungue, umwonyeshe mtoto programu aliyoizoea inavyoonekana kwa ndani, umwache aibadili, na akiiharibu usimgombeze. Mfumo wote umo katika kadi ndogo ya kumbukumbu inayonakiliwa upya kwa muda mfupi, na hapana kampuni duniani ya kuombwa ruhusa. Basi mruhusu wewe.